Tatizo Sio Mgongo, Tatizo Ni Urefu wa Meza

Lile bango mnalijua. Limebandikwa kwenye magodauni, kwenye hospitali, kwenye viwanda, na kote ni lile lile tu: jamaa wa kushoto kainama na boksi, mgongo umepinda, kapigwa alama nyekundu ya X, jamaa wa kulia kachuchumaa vizuri kabisa, mgongo umenyooka, kapewa tiki ya kijani. Chini yake imeandikwa tumia miguu usitumie mgongo. Halafu mara moja kwa mwaka anakuja mtu wa usalama anaendesha semina ya saa moja, watu wanachuchumaa na boksi tupu, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanarudi kazini kubeba maboksi yaliyojaa. Siku mtu akiumia kiuno swali la kwanza ni hilo hilo, we si ulihudhuria semina?

Mi naona hilo bango ni sehemu ya tatizo. Sio kwamba ushauri wake ni uongo, hapana, ila unachukua kitu kilichopangwa na mwenye kazi, yaani uzito wa boksi na urefu wa rafu na spidi ya kazi, unakigeuza kuwa tabia mbaya ya mfanyakazi. Kumbe ergonomia ukiichukulia kwa maana yake halisi ni kinyume kabisa cha hapo: kazi ndo inatakiwa ifuate mwili wa mtu, sio mwili ujikunje kufuata kazi.

Na sio maneno yangu tu. Mwaka 2008 jarida la madaktari la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti kuhusu mafunzo ya kunyanyua mizigo, na mwaka 2011 Cochrane, wale wanaopima tafiti za afya kwa kuziweka zote mezani pamoja, wakatoa uchambuzi wao. Jibu likawa moja: kumfundisha mtu namna ya kubeba, hata pale mafunzo yalipoambatana na vifaa vya kusaidia, hakukuonekana kuzuia maumivu ya mgongo ukilinganisha na watu ambao hawakupewa kitu. Hapo kwenye vifaa pasiwapite hivi hivi. Toroli likinunuliwa halafu njia ina ngazi tatu na mlango mwembamba, hilo toroli litaishia kona ya stoo limewekewa makoti juu. Kifaa kinachomchelewesha mtu mwenye malengo ya kutimiza hakitumiki, na mtu huyo sio mvivu wala mbishi, kapiga hesabu tu.

Kwa nini mafunzo yanafeli? Kwanza kuchuchumaa kunachosha. Ukiinama unashusha kifua na mikono, ukichuchumaa unashusha karibu mwili mzima halafu inabidi uupandishe tena na mzigo juu yake, sasa fanya hivyo kutwa nzima uone mapaja yatakavyokuwa. Mwili sio mjinga, ukichoka unachagua wenyewe njia isiyomaliza nguvu, unainama. Pili, boksi likiwa pana haliingii katikati ya magoti, kwa hiyo magoti yanalisukuma mbele na mzigo unakaa mbali na kiuno kuliko hata kama ungeinama tu. Bango haliligusi hilo, maana boksi la kwenye bango siku zote ni dogo.

Na umbali ndo mchawi mwenyewe hapa. Misuli inayousimamisha mgongo imekaa nyuma ya uti, kama sentimita 5 tu kutoka katikati ya diski, zile pedi laini zilizo kati ya pingili na pingili. Ukishika mzigo wa kilo 20 sentimita 50 mbele ya uti, mzigo uko mbali mara kumi kuliko misuli, kwa hiyo misuli inabidi ivute kwa nguvu ya kama kilo 200 ili tu usianguke kifudifudi, na hapo bado sijahesabu uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe. Nguvu yote hiyo inazikandamiza diski za chini kiunoni. Sogeza mzigo huo huo hadi sentimita 25 na ile ya mzigo inashuka nusu, bila semina, bila bango, bila kumgombeza mtu.

Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ina kanuni ya hesabu kwa ajili ya hili, waliifanyia marekebisho mwaka 1991, na nataka tuipitie taratibu maana ukishaielewa huwezi tena kuliangalia godauni kwa macho yale ya zamani. Wanaanzia kilo 23. Hiyo ni pale kila kitu kiko sawa: mzigo uko karibu na mwili, sentimita 25 kutoka usawa wa vifundo vya miguu, mikono iko kama sentimita 75 kutoka sakafuni, boksi lina vishikio vizuri, hujipindi, na unanyanyua mara chache. Baada ya hapo kila kasoro inakata. Mzigo ukisogea hadi sentimita 50, zile 23 zinakatwa nusu, inabaki 11.5. Ukiwa umewekwa chini sakafuni, inashuka hadi kama 8.9. Ukitakiwa kuupandisha kutoka sakafuni mpaka usawa wa meza, unabakiwa na chini kidogo ya kilo 8. Ukilazimika kujipinda nyuzi 45 ili uutue pembeni, 6.7. Boksi halina pa kushika, kama kilo 6. Halafu sema kazi yenyewe ni mara tano kwa dakika, shifti ya saa nane, hapo hata hizo 6 unachukua kama thuluthi yake tu, unabaki na kilo 2 na kidogo.

Kutoka 23 mpaka 2! Mtu ni yule yule, boksi ni lile lile. Na cheki kitu kimoja, kwenye hesabu yote hiyo hamna sehemu inayouliza kama alikunja magoti au hakukunja. Inauliza umbali, urefu, kujipinda, vishikio, mara ngapi, na vyote hivyo vimeamuliwa na aliyepanga rafu na ratiba kabla mfanyakazi hajaingia mlangoni. Wakati huo huo pendekezo la ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, ambalo bado linatajwa kwenye mijadala ya sheria za kazi, lilisema tu kwamba pale ambapo mwanaume mtu mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55 basi kiwango kishushwe hadi 55. Ndo maana kila mtu akikwambia "uzito unaoruhusiwa ni kilo kadhaa" muulize, kutoka wapi mpaka wapi, mbali kiasi gani, mara ngapi kwa saa. Kilo peke yake haina maana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jembe. California, Marekani, wafanyakazi wa mashamba, wengi wao wenye asili ya Mexico, walikuwa wanapunguzia miche ya mboga kwa kijembe cha mpini mfupi, mpini ambao mara nyingi haukufika hata nusu mita, walikiita el cortito. Ukikishika lazima uiname, na unainama hivyo kutwa nzima. Wenye mashamba walikuwa na hoja yao, eti mpini mfupi unampa mtu umakini, haharibu miche. Ila kulikuwa na faida nyingine, msimamizi akisimama mwisho wa mstari aliweza kuona mara moja nani kanyoosha mgongo, na aliyenyoosha mgongo maana yake hafanyi kazi. Yaani maumivu yalikuwa ni mfumo wa usimamizi.

Sheria ya jimbo tayari ilikuwa inakataza vifaa vya mkono visivyo salama, lakini ofisi husika ikasema hiyo inahusu kifaa kibovu, kilichovunjika au kulegea, na hivi vijembe ni vizima kabisa. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na mwaka 1975 majaji wakaikataa tafsiri hiyo: kifaa kinaweza kuwa kizima na bado kikawa si salama kwa sababu ya namna mtu anavyolazimika kukitumia. Baada ya hapo el cortito ikapigwa marufuku. Mashamba hayakufa, watu wakapewa mpini mrefu na mboga zikaendelea kuota. Kwangu mimi hiyo hukumu ina uzito kuliko semina zote, kwa sababu hakuna aliyewaambia wale watu wajifunze kuinama vizuri zaidi, kilichobadilika ni mpini.

Sasa wapo watakaosema haya mambo ni gharama, biashara ndogo haiwezi. Twende kwa Henry Ford, yule mwenye kiwanda cha magari Marekani, ambaye hakuna mtu anaweza kumtuhumu kwamba alikuwa laini kwa wafanyakazi. Mwaka 1913 kiwandani kwake walikuwa wanaunda kifaa kimoja cha kuwashia injini, mtu mmoja alikuwa anakiunda kwa kama dakika 20, wakaigawa kazi kwenye mstari ikashuka hadi dakika 13 na sekunde 10. Halafu mwaka 1914 wakaupandisha mstari inchi 8, kama sentimita 20. Dakika zikashuka hadi 7. Sentimita 20 za urefu! Kwenye mstari wa chesisi, yaani fremu ya gari, walifika mpaka kuweka mistari miwili ya urefu tofauti, ili watu wafupi na warefu kila kundi lipate usawa wake wa kiuno. Hakufanya hivyo kwa huruma, aliona tu kwamba mtu anayeinama na kuinuka anapoteza muda ambao yeye anaulipia. Ila tusimpake mafuta sana, kwa sababu mstari huo huo ulileta kazi ya kurudia mwendo mmoja siku nzima kwa spidi isiyo yako, na huo ni mlango mwingine wa kuumia, misuli na kano hazipati muda wa kupumzika. Meza ikiwa sawa na spidi ikiwa ya kikatili bado utaumia, utachelewa tu kidogo.

Hospitalini huku ndo kunasikitisha, maana pale mzigo ni binadamu. Mgonjwa hana vishikio, anaweza kushtuka, anaweza kukushika shingoni ghafla, anaweza kulegea katikati ya safari. Kwa sababu hiyo mwaka 2007 mtaalamu wa NIOSH alipendekeza kiwango cha kumnyanyua mgonjwa kwa mikono kiwe kilo 16, sio 23, na hiyo ni hali ikiwa nzuri. Sasa mguu mmoja mzima ni karibu asilimia 16 ya uzito wa mtu, ina maana mgonjwa wa kilo 100, ukinyanyua mguu wake mmoja ili nesi mwenzako asafishe kidonda, umeshagusa kikomo. Mguu tu! Halafu tunawaambia manesi wawili wamhamishe mtu mzima kutoka kitandani kwenda kwenye kiti na wakumbuke kukunja magoti. Hapo hamna mbinu ya kubeba itakayokuokoa, panahitajika winchi ya kumnyanyulia mgonjwa, shuka la kuteleza, kitanda kinachopanda na kushuka, na idadi ya watu inayotosha kwenye wodi ya usiku. Kitanda kinachopanda hata kikiwa cha kupampu kwa mguu kinaondoa kuinama kwingi sana kwa siku, kila kubadilisha shuka, kila sindano, kila kumgeuza mtu.

Kwa watu wa ofisini nisiwasahau, ingawa kusema ukweli ofisi ndo inapewa makala nyingi mno kuliko inavyostahili, kwa sababu waandishi wote tunakaa kwenye kompyuta. Shida kubwa ni laptopu. Skrini na kibodi vimeungana, kwa hiyo ukiiweka macho yaone vizuri mabega yanapanda, ukiiweka mikono ikae vizuri shingo inainama, huwezi kushinda vyote. Pandisha laptopu juu ya rundo la vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho au chini yake kidogo, umbali wa kama urefu wa mkono, chomeka kibodi na mausi za pembeni, viwiko vikae karibu na mwili. Anayevaa miwani ya lenzi za kusomea zilizo chini ya kioo ashushe skrini zaidi, la sivyo atakuwa anainua kidevu siku nzima na jioni analalamika shingo. Miguu iguse sakafu, haigusi basi tafuta kitu cha kuikanyagia. Basi, nusu ya kazi imeisha.

Nusu ya pili ni kusogea. Hakuna pozi takatifu, hata ile ya nyuzi 90 ya kwenye picha ukiishikilia masaa matatu inageuka adhabu, kwa sababu msuli uliokazwa muda wote unajibana damu isipite vizuri. Meza za kusimama nazo zimeuzwa kama dawa, ila muulize anayesimama kutwa nyuma ya kaunta kama miguu yake inafurahi. Badilisha badilisha tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu magonjwa ya makarani na akataja sababu tatu: kukaa muda wote, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kubanwa isikosee. Miaka mia tatu na ushee imepita, kalamu imekuwa kibodi, orodha ni ile ile.

Kitu kimoja cha kuangalia mapema: ganzi au kuchomachoma kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, inayokuamsha usiku unakung'uta mkono, wakati kidole kidogo kiko salama. Hiyo mara nyingi ni mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na unakuta sana kwa watu wanaoshika vifaa vinavyotetemeka au wanaokamata kitu kwa nguvu huku kifundo kimekunjwa, sio wachapaji tu. Ukienda hospitali mapema mambo ni madogo. Ukivumilia mpaka msuli wa chini ya dole gumba umeanza kunywea, hiyo ni stori nyingine.

Na mikanda ya mgongo jamani. Ile mikanda mipana wanayopewa wabebaji, inaonekana ya kitaalamu kweli. Mwaka 1994 NIOSH walipitia ushahidi wakasema hautoshi kuipendekeza kwa mfanyakazi asiyeumia, na mwaka 2000 Marekani ukachapishwa utafiti wa wafanyakazi wa maduka zaidi ya 9,000, mikanda haikupunguza maumivu ya kiuno wala madai ya fidia. Lakini bado inanunuliwa. Kwa nini? Kwa sababu inaonekana kwenye picha, na inamvisha mfanyakazi jukumu kiunoni kabisa, wakati kupandisha rafu kunahitaji mtu akubali kwamba rafu ilikosewa.

Hapo ndo penye siasa ya jambo lenyewe. Marekani ilitoa kanuni ya taifa ya ergonomia kazini Novemba 2000, ikaanza kutumika Januari 2001, Machi mwaka huo huo bunge na rais wakaifuta. Miezi minne tu. Hoja ilikuwa gharama, kama kawaida, na gharama za kuumia hazikuonekana kwa sababu zinalipwa na mtu mwingine, zinalipwa na yule anayeacha kazi akiwa na miaka 45 kiuno kimekwisha na hakuna karatasi inayosema kiliishia wapi. WHO wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Sio wote kazi ndo imewaumiza, wengine hata sababu haijulikani, lakini ukubwa wa namba unatosha kuacha kulichukulia kama udhaifu wa mtu mmoja mmoja.

Malipo nayo yanaharibu kila kitu. Ukimlipa mtu kwa kipande, kila kupumzika dakika mbili unamkata hela, halafu unamwambia apumzike mara kwa mara kwa afya yake, hatapumzika, na mimi nisingepumzika. Bonasi ya "siku mia bila ajali" ni mbaya vile vile, inawafanya watu wafiche maumivu ili wenzao wasikose zawadi, mpaka siku maumivu yanakuwa makubwa hayafichiki.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, aanze kwa kutembea eneo la kazi akiangalia vitu ambavyo watu wamejitengenezea wenyewe. Kipande cha boksi kilichotandikwa pale anaposimama mtu wa mashine, maana yake sakafu ngumu inamuumiza miguu. Kitambaa kilichozungushwa kwenye mpini, maana yake mpini ni mwembamba au unateleza. Kreti limegeuzwa chini juu likawa ngazi, mto kwenye kiti, tofali chini ya mguu wa meza. Kila kimoja ni malalamiko ambayo tayari yamekuja na jibu lake, na mara nyingi jibu ni la bei ndogo, mbao mbili na misumari. Halafu ondoa vitu vizito sakafuni, viweke kati ya goti na bega, vile vyepesi na visivyotumika sana ndo viende juu na chini.

Baada ya hapo weka daftari, uliza kila wiki nani anaumwa wapi na yuko kituo gani, bila adhabu. Namba zitapanda miezi ya mwanzo, hiyo ni kawaida, walikuwa wanaumwa kabla ila hakuna aliyeuliza. Mameneja wengi wakifika hapo wanashtuka wanalifunga daftari. Wewe endelea kuandika, na pesa ya kwanza ikipatikana ipeleke kwenye kituo chenye majina mengi.